Kusuka au Kunyoa

Wahenga walisema, "Ukiona mwenzio ananyolewa, tia chako maji." Methali hii ni njema, lakini sijui nyingine iliyotumiwa vibaya shuleni kuliko hii. Wahenga walitaka mtu auone msiba wa jirani yake apate kujitayarisha kwa wake. Sisi tumeigeuza kuwa amri ya kuinamisha kichwa. Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, msomaji wangu, tazama maduka ya vinyozi kutoka Kericho mjini hadi Litein, na kutoka Kapkatet hadi Sotik na Bomet: watoto wamepanga safu, wavulana kwa wasichana, kila mmoja na sarafu zake mkononi, wakingoja mashine ipite vichwani mwao. Mmoja hunyolewa, na wa pili amekwisha kutia chake maji. Hapana aulizaye kwa nini.

Mimi nauliza, na ningependa nawe uulize pamoja nami. Nitasema zaidi juu ya wasichana, maana kwao hasara ni kubwa zaidi. Lakini mvulana asifunge kitabu, kwani zamu yake itafika.

Dai langu ni hili. Shule inayomnyoa msichana tangu darasa la kwanza mpaka mwisho wa shule ya upili, kwa miaka 12, inamnyima elimu ya kitu kilicho mwilini mwake, kisha inamwachilia duniani akiwa mgeni wa kichwa chake mwenyewe. Atokapo langoni kwa mara ya mwisho anajua kutaja sehemu za ua na tabaka za udongo, lakini hajui kuziosha nywele zake, wala kuzichana, wala kuzisuka. Katika ujinga huo ambao hakuutafuta, mtu wa kwanza kumpokea ni muuza dawa ya kulainisha nywele.

Kwanza tuondoe hofu ya sheria, kwa maana wengi hudhani kwamba Serikali ndiyo iliyoagiza makasi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haina kifungu kinachosema msichana anyolewe. Inacho kifungu cha 36, kinachokataza mwanafunzi kuteswa au kutendewa kwa njia ya ukatili na ya kudhalilisha, mwilini au moyoni. Kanuni za kunyoa hutungwa na shule zenyewe, nazo shule huzirithi moja kwa nyingine, kama mtu arithivyo koti kuukuu asijue lilishonwa kwa kipimo cha nani. Katika shule moja niliyoijua, mwalimu wa zamu alitembea na makasi mfukoni. Aliyeonekana kuwa na nywele zilizopita kipimo alikatwa njia moja tu, kutoka penye paji la uso hadi utosini, akaachwa hivyo darasani mpaka jioni, wenzake wakimcheka. Kisome tena kifungu cha 36, kisha unieleze jambo lile liitweje.

Mwaka 2020 ulituletea jaribio ambalo hakuna mwalimu mkuu angethubutu kulifanya. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne waliitwa Oktoba 12. Wengine wote wakakaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Huku kwenye milima ya chai wazazi waliendelea kwenda mashambani, maana jani halingoji ugonjwa. Likikomaa lazima lichumwe, na baada ya wiki moja au mbili liko tayari tena. Watoto wakabaki nyumbani, na nywele zikabaki vichwani.

Nywele za kipilipili hukua kiasi cha robo tatu ya sentimita kwa mwezi, pengine zaidi kidogo. Basi mtoto aliyekaa nyumbani kutoka Machi hadi Januari alipata kama sentimita saba. Zikiachwa zilivyo hujikunja, zikaonekana nusu ya hapo, na asiyezijua hudhani kwamba hazikui. Mwezi wa kwanza hakuna aliyejali. Kufika mwezi wa tatu vichana vya plastiki vilianza kuvunjika meno. Ndipo katika nyumba nyingi, kuanzia Mogogosiek hadi Kapkoros, mabibi walipoitwa tena katika kazi waliyokuwa wameachishwa.

Sisi tuliokua zamani kidogo twaikumbuka kazi hiyo. Huku kwetu bibi huitwa kogo. Jumapili baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mvua ya Kericho aghalabu hukusanya mawingu yake, kogo alikaa juu ya kigoda, na mtoto akakaa chini, mabega yake katikati ya magoti ya kogo. Kichana kilikuwa cha mti, chenye meno marefu yaliyoachana. Mafuta yalikuwa machache, ya kupakwa kiganjani tu. Mvua ikipiga mabati hapasikiki sauti ya mtu, kwa hiyo kogo alisema kwa vidole: kichwa kikigeuzwa kushoto, nawe geuka, kikibanwa, tulia. Mvua ikipungua alianza kueleza nani alizaa nani, na ng'ombe gani walitolewa katika ndoa ya nani, na shamba lilikuwa wapi kabla ya kupandwa chai. Mengi ninayoyajua juu ya ukoo wetu niliyapata nikiwa nimeinamisha shingo.

Mitindo ilikuwa michache, na kila mmoja ulikuwa na sababu yake. Palikuwa na mistari ya kwenda kisogoni, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita twende kilioni. Msuko mwepesi, wa upesi, usiomwaibisha mtu matangani. Palikuwa na mabutu, visongo vinene vifupi, ambavyo ndivyo vilivyomfaa mama aliyerudi jioni kutoka shambani na mikono imechoka. Palikuwa na nywele za uzi: kila shungi lilizungushiwa uzi mweusi tangu shinani hadi nchani, likasimama wima kama mwiba wa nungunungu, na kama kogo alikuwa na furaha, aliyainamisha mashungi hayo akayaunganisha mawili mawili kama madaraja. Uzi ulinyosha nywele pasipo moto wala dawa. Palikuwa pia na kitana cha chuma kilichopashwa juu ya jiko la makaa siku za kuamkia Krismasi, pamoja na harufu ya nywele zilizoungua na sikio lililoguswa kwa bahati mbaya. Hicho sikitamani tena.

Wala usidhani nasifu kila la zamani. Mkono wa kogo ulikuwa mzito, na wako watoto waliolala macho yakiwa yamevutwa kama ngozi ya ngoma. Msuko unaobana huvuta mashina ya nywele. Ukirudiwa miaka mingi, nywele za panjani na za paji la uso huanguka, na mwishowe hukataa kuota tena. Lakini kosa la msuko mkali hutibiwa kwa msuko mlegevu. Halitibiwi kwa wembe.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba kunyoa ni desturi yetu, na kwamba wazee wa Wakipsigis walinyoa kabla ya shule kuwapo. Ni kweli walinyoa. Kijana aliyekwenda jandoni alinyolewa, na mfiwa alinyolewa. Lakini Wakipsigis na ndugu zao Wanandi walijua pia kuziacha nywele: wapiganaji wao walizirefusha, wakazipaka mafuta na kuzisuka zikaning'inia kisogoni. Kunyoa kwao kulikuwa ni neno, nalo lilitamkwa mahali pake: mtu huyu ameacha utoto, mtu huyu amefiwa. Leo mtoto hunyolewa kila wiki mbili, naye hajafiwa wala hajavuka jando. Neno linalotamkwa kila mara pasipo sababu hugeuka kelele. Basi anayeleta hoja ya desturi aichukue desturi yote. Asichukue wembe akaacha msuko.

Na kwamba nywele zaweza kubeba jambo zito, Wakenya tumeshuhudia juzi tu. Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau miaka ya 1950, alizihifadhi nywele zake za wakati ule kwa karibu miaka 70, mpaka siku ya Aprili 2, 2022, aliponyolewa mjini Nyeri na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu. Aliyeichagua siku hiyo ni yeye mwenyewe. Hakuna aliyemsimamia langoni.

Sasa tuzipime hoja za wenye makasi, maana si haki kuwapiga kabla ya kuwasikia.

Hoja yao ya kwanza ni usafi. Wanasema nywele ndefu huleta maradhi. Ama ugonjwa unaowasumbua watoto wetu vichwani ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi kwa ajili ya mviringo wake. Huletwa na kuvu, nayo huambukizwa kwa kugusana na kwa kushirikiana vichana, kofia na mashine za kunyolea. Wembe peke yake hauyaponyi. Hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa muda wa wiki kadhaa. Basi fikiri: tunawapanga watoto 40 mbele ya mashine moja, ambayo pengine haikupanguswa kwa spiriti tangu asubuhi, kisha tunasema tumewakinga. Ikiwa usafi ndio unaotakiwa, na utakiwe usafi. Kichwa kilichooshwa ni safi hata kikiwa na nywele, na kichwa kichafu ni kichafu hata kikiwa kipara.

Mjini Kericho limesimama hekalu kubwa la Makalasinga, yaani watu wa dini ya Sikh, nalo linajulikana mbali. Majirani hao hawazikati nywele zao tangu kuzaliwa mpaka kufa, na miongoni mwa vitu vitano ambavyo dini yao inawaamuru kuwa navyo ni kichana cha mti. Sijasikia mtu akisema kwamba wao ni wachafu. Mtoto wao hufundishwa nyumbani kuosha, kuchana na kufunga, akiwa bado mdogo. Kumbe jambo hilo hufundishika. Hata ng'ambo ya barabara kutoka kwa kinyozi.

Hoja ya pili ni usawa: msichana tajiri asije akasukwa kwa pesa nyingi, maskini akaona haya. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa kuwa huruma iliyomo ni ya kweli. Lakini itazame inavyotendeka. Katika shule nyingi za nchi hii msichana mwenye nywele za singa huruhusiwa kuzifunga nyuma akaingia darasani. Anayeambiwa akate ni mwenye nywele za kipilipili. Usawa gani huu ambao huishia kwa mwenye nywele zilizonyooka? Kama sare ndiyo inayotakiwa, mistari ya kwenda kisogoni ni sare vilevile, na haigharimu kitu ikiwa mkono wa kuisuka uko nyumbani. Tena kinyozi hulipwa kila baada ya wiki mbili. Mzazi mwenye binti watatu anajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Hoja ya tatu ni wakati. Kwamba msichana atapoteza saa za masomo mbele ya kioo. Kwa shule ya bweni isiyo na maji ya kutosha hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini msuko mmoja hukaa wiki moja na zaidi, na kazi yake ni ya alasiri moja. Sijui mtihani ulioanguka kwa sababu ya alasiri moja ya Jumapili.

Baada ya hoja hizo huja mfano, na katika nchi ya chai mfano ni mmoja tu: mti mchanga hukatwa ili ukue vizuri. Naam, mchai hukatwa. Ukiachwa wenyewe huwa mti wa mita kumi na zaidi. Mwanadamu huuzuia kiunoni mwake, akaupogoa kila baada ya miaka michache, ili mkono wa mchumaji uufikie. Angalia basi ni kwa faida ya nani. Mchai hukatwa kwa sababu majani yake ni ya mwingine. Kichwa cha mwanafunzi hakichumwi na mtu.

Mahakama nayo imekwisha kugusa jambo hili. Mwezi wa Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba mwanafunzi wa dini ya Rastafari, aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya nywele zake, asizuiwe kusoma, kwa maana nywele hizo zilikuwa sehemu ya imani yake. Uamuzi huo ni wa haki. Lakini umeacha mlango nusu wazi: je, yule ambaye nywele zake si za dini, ni zake tu, aseme nini? Aombe wokovu gani ili aachiwe kichwa alichozaliwa nacho?

Wakati tunaposubiri jibu, tumtazame msichana aliyemaliza shule. Nywele zimeanza kuota naye hazijui. Anaziona ngumu kwa sababu hakufundishwa kwamba hulainika zikiwa na maji. Anaziona fupi kwa sababu hajui kwamba zimejikunja. Amekaa miaka 12 akiambiwa, kwa kitendo ingawa si kwa maneno, kwamba zilivyo ni utovu wa nidhamu. Basi huenda kwenye duka la ususi kununua nyingine. Baadhi ya dawa za kulainisha hutengenezwa kwa magadi makali, jamii ya yale yanayotumiwa kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Zikikaa kupita dakika zake huunguza ngozi. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa muda wa miaka karibu 11: waliotumia dawa za kunyosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kwa kiasi cha asilimia 4.05 kufikia umri wa miaka 70, na wasiotumia asilimia 1.64. Uhusiano huo haujathibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na wataalamu wenyewe walisema uchunguzi uendelee. Hata hivyo, mtu aliyejua njia nyingine angeweza kungoja uchunguzi huo kwa usalama. Msichana wetu hakuonyeshwa njia nyingine.

Kwa hiyo nawe, msomaji, usidhani nimekuja kukupa uhuru wa bure. Anayedai nywele zake azijue kwanza. Zioshe mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili, uzisuuze mpaka povu liishe. Usizichane zikiwa kavu. Zitie maji au mafuta kidogo, uzigawe mafungu manne, kisha uanze nchani ukishuka polepole kuelekea shinani, maana anayeanza shinani huvuta mafundo yote kwa pamoja akazikata mwenyewe. Ukisuka, usibane, ukiumwa na kichwa, fumua. Usiku funga kitambaa laini, kwa sababu pamba ya mto hunyonya mafuta. Kichana chako kiwe chako. Na kama kogo wako yu hai, mfuate alasiri ya Jumapili ukakae chini ya kigoda chake. Mambo hayo na mengine atakuonyesha vizuri kuliko karatasi hii.

Wewe mvulana, wengi wenu hamtataka kusuka, na si lazima. Lakini jifunze kushika makasi na kichana, umpunguze ndugu yako nywele nyumbani, mashine ikiwa yenu na imepanguswa. Tena siku moja utakuwa baba wa binti, na mama yake atakuwa shambani. Sioni kwa nini mkono unaojua kuchuma majani mawili na chipukizi, kwa wepesi wa macho kushindwa kuufuata, ushindwe kugawa nywele mistari sita.

Bodi za shule hukutana, na wazazi huitwa mikutanoni. Mzazi wako akienda, mpe karatasi yenye kanuni hii, aombe iandikwe badala ya ile ya makasi: "Nywele za mwanafunzi ziwe safi, na kama ni ndefu zisukwe mistari ya kwenda kisogoni au zifungwe nyuma, bila nyongeza wala dawa, na mtu yeyote asimkate mwanafunzi nywele shuleni." Wanaotaka makasi yabaki, nao waandike sababu yao chini yake, watie na sahihi.